Kimbunga kikikaribia Disney World: maandalizi hufanyikaje?

Kila mwaka kuanzia Juni hadi Novemba, taarifa zetu za habari hutaja vimbunga vinavyoelekea jimbo la Florida, Marekani. Mara nyingi husikika pia kwamba bustani ya burudani ya Walt Disney World imefungwa. Baadhi ya wasikilizaji wetu huuliza: bustani ya michezo ya watoto inahusianaje na kimbunga, na kwa nini kufungwa kwake kuwe habari ya dunia?

Katika makala haya tunaeleza mahali hapo palivyo, jinsi kimbunga kinavyofuatiliwa, na hatua zinazochukuliwa siku chache kabla upepo haujafika. Mwishoni tunaangalia upande wetu wa Bahari ya Hindi, ambako vimbunga si vingi lakini vipo.

Disney World ni nini?

Walt Disney World ipo kusini magharibi mwa mji wa Orlando, katikati ya Florida. Ilifunguliwa Oktoba 1, 1971. Wengi hudhani ni uwanja mmoja wa bembea. Ukweli ni kwamba ni eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100, lenye bustani kubwa nne, bustani mbili za michezo ya maji, maduka, barabara, maziwa na hoteli zaidi ya 25. Bustani hizo nne ni Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Wafanyakazi wake ni zaidi ya 70,000.

Kwa hiyo kimbunga kinapokaribia, wanaohitaji kulindwa ni wengi kama watu wa mji mzima. Tofauti ni kwamba wengi wao ni wageni. Hawajui barabara, hawana ndugu wa kuwapokea, wana watoto wadogo, na wengine wametoka nchi ambazo hazijawahi kuona kimbunga.

Kuna jambo litakalowafurahisha wasemaji wa Kiswahili. Ndani ya Animal Kingdom kuna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, kilichojengwa kwa mfano wa mji wa Afrika Mashariki, na kutoka hapo wageni hupanda magari kwenda kuangalia wanyama katika safari iliyopewa jina la Kilimanjaro. Hoteli iliyo karibu ina majengo mawili, Jambo House na Kidani Village, na sehemu zake za chakula zinaitwa Boma, Jiko na Sanaa. Twiga, pundamilia na tembo wa huko ni wa kweli. Nao pia wanahitaji mahali pa kujificha upepo ukija.

Kimbunga hutokeaje?

Kimbunga huzaliwa baharini, juu ya maji yenye joto la nyuzi 26 au zaidi. Maji hayo hugeuka mvuke, mvuke hupanda, na unapopoa huko juu hutoa joto linalozidi kuvuta hewa kutoka chini. Mzunguko wa dunia huifanya hewa hiyo izunguke badala ya kwenda moja kwa moja. Upande wa kaskazini wa ikweta, kama Florida, upepo huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Upande wa kusini, kama Msumbiji, huzunguka kufuata mishale ya saa.

Katikati kuna eneo tulivu liitwalo jicho la kimbunga. Upepo mkali kuliko wote uko kwenye ukuta wa mawingu unaolizunguka jicho hilo. Jicho likipita juu ya mji, upepo hutulia ghafla, pengine hata jua kuonekana. Watu hutoka nje wakidhani mambo yamekwisha. Baada ya muda mfupi upepo hurudi kutoka upande wa pili, na wapo waliopoteza maisha kwa kosa hilo.

Marekani hupima ukali wa vimbunga kwa madaraja matano, kwa kuangalia kasi ya upepo peke yake. Daraja la 1 huanzia kilomita 119 kwa saa, la 2 kilomita 154, la 3 kilomita 178, la 4 kilomita 209, na la 5 ni kilomita 252 na kuendelea. Chini ya kilomita 119 huitwa dhoruba ya kitropiki, na hiyo huanzia kilomita 63 kwa saa.

Daraja hilo halisemi lolote kuhusu mvua, wala kuhusu maji ya bahari yanayosukumwa na upepo kuingia nchi kavu. Ni jambo kubwa, kwa sababu miaka mingi maji ndiyo huua zaidi kuliko upepo. Kimbunga Ian kilipopiga kusini magharibi mwa Florida Septemba 28, 2022, kiliua watu zaidi ya 100, na wengi wa waliokufa kwa nguvu yake ya moja kwa moja walizama katika maji ya bahari yaliyopanda hadi kwenye makazi.

Kwa nini watu wa pwani hukimbilia Orlando?

Orlando haipo ufukweni. Ni safari ya takriban saa moja kwa gari hadi pwani ya Bahari ya Atlantiki, na mbali zaidi hadi pwani ya magharibi. Maji ya bahari hayafiki huko. Tena kimbunga kikishaingia nchi kavu hukosa maji ya moto yanayokilisha, hivyo hupungua nguvu kadiri kinavyosonga. Ndiyo maana familia za pwani zinapoagizwa kuhama, nyingi huelekea Orlando, na hoteli za huko hujaa wakati ule ule ambapo watalii wanataka kuondoka.

Lakini kukaa mbali na bahari si kinga kamili. Agosti 13, 2004, Kimbunga Charley kiliingia nchi kavu kusini magharibi mwa Florida kikiwa cha daraja la 4. Kilikwenda kwa kasi sana, na jioni ile ile kilipita Orlando kikiwa bado na nguvu ya kung'oa miti na mapaa. Kabla watu hawajamaliza kukarabati, vimbunga Frances na Jeanne vilipita Florida mwezi Septemba. Vilikuwa vimbunga vitatu katika muda wa wiki sita hivi, na Disney World ilifungwa kwa vyote vitatu.

Hatari nyingine ya bara ni tonado, yaani upepo mwembamba unaozunguka kwa nguvu nyingi na kushuka kutoka mawinguni kama mkonga. Kimbunga Milton kilipokaribia Oktoba 2024, tonado zilizotangulia mbele yake ziliua watu sita katika wilaya ya St. Lucie, upande wa mashariki wa Florida, mbali na pale kimbunga chenyewe kilipoingilia.

Nani anatoa taarifa, na zinasomwaje?

Chombo kinachofuatilia vimbunga vya upande huo ni Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kilichopo Miami. Hutumia setilaiti, rada, maboya ya baharini na ndege zinazoruka kuingia ndani ya kimbunga kupima upepo na mgandamizo wa hewa. Taarifa kamili hutolewa kila baada ya saa sita, na kimbunga kikikaribia nchi kavu huongezwa taarifa za kila baada ya saa tatu.

Kuna viwango viwili vya kujua. Cha kwanza tutakiita angalizo: maana yake kimbunga kinaweza kufika eneo hilo, na hutolewa kama saa 48 kabla. Cha pili tutakiita tahadhari: kimbunga kinatarajiwa kufika, na hutolewa kama saa 36 kabla. Muhimu ni kwamba saa hizo huhesabiwa hadi pale upepo wa kilomita 63 kwa saa utakapoanza kuvuma. Hazihesabiwi hadi jicho lifike. Sababu ni kwamba upepo ukishafikia kasi hiyo, kupanda ngazi au kubeba mbao ni hatari, na magari ya wagonjwa na zimamoto nayo husimamishwa. Kazi yote ya nje iwe imekwisha kabla ya hapo.

Ramani maarufu ya kituo hicho huonyesha umbo linalopanuka kama mdomo wa tarumbeta. Wengi huisoma vibaya. Umbo hilo linaonyesha njia ambayo kitovu cha kimbunga kinaweza kupita, na mara mbili kati ya tatu kitovu hubaki ndani yake. Mara moja kati ya tatu hutoka nje. Tena halionyeshi ukubwa wa kimbunga: aliye nje ya umbo anaweza kupata upepo na mafuriko kama aliye ndani. Mwaka 2004 watu wengi waliutazama mstari wa katikati uliokuwa ukielekea Tampa. Charley kikakata kulia mapema, kikapiga mji wa Punta Gorda.

Siku kwa siku: mfano wa Milton

Milton kilipata jina lake Oktoba 5, 2024, katika Ghuba ya Meksiko. Siku mbili baadaye kilikuwa cha daraja la 5, upepo wake ukifikia takriban kilomita 290 kwa saa. Florida ilikuwa bado inaondoa takataka za Kimbunga Helene kilichopiga Septemba 26. Kwenye mitaa ya pwani kulikuwa na marundo ya magodoro, mbao na makabati yaliyolowa, na kila kipande kingeweza kurushwa na upepo.

Mamilioni ya watu wa pwani ya magharibi waliagizwa au kushauriwa kuhama. Serikali ya jimbo iliondoa tozo kwenye barabara, na magari yakaruhusiwa kupita pembeni mwa barabara kuu ili kupunguza msongamano. Vituo vingi vya mafuta viliishiwa. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Orlando ulisimamisha safari za abiria asubuhi ya Oktoba 9.

Disney World ilifunga bustani zake mchana wa siku hiyo. Bustani za kampuni nyingine za Orlando nazo zilifungwa. Usiku kimbunga kiliingia nchi kavu Siesta Key, karibu na Sarasota, kikiwa cha daraja la 3. Oktoba 10 bustani zote zilibaki zimefungwa, na Oktoba 11 zikafunguliwa.

Kufunga huanza na sehemu zilizo dhaifu zaidi. Kambi ya mahema na magari ya kulala ya Fort Wilderness, pamoja na nyumba za nguzo zilizo katikati ya miti, hufungwa mapema na wageni wake huhamishwa. Hema halihimili kimbunga hata kidogo. Nyumba za kuhamishika, zinazokaliwa na watu wengi wa kipato cha chini Florida, nazo ni dhaifu, na wakazi wake huagizwa kuhama hata kama wako mbali na bahari.

Kazi za nje

Katika bustani na hoteli, kazi kubwa ya siku mbili za mwisho ni kuondoa kila kinachoweza kupeperuka: viti vya kando ya bwawa, miavuli, meza, vyungu vya maua, mabango, mapipa ya taka, vibanda vya kuuzia vyakula. Kwenye upepo wa kilomita 150 kwa saa, kiti cha plastiki huvunja dirisha. Visivyobebeka hufungwa kwa kamba na minyororo. Treni ya reli ya juu, boti na magari ya nyaya husimamishwa.

Mitaro na mifereji husafishwa, kwani majani yakiziba tundu moja la maji, barabara nzima hufurika. Katika hili eneo la Disney lina historia yake. Lilijengwa kwenye ardhi ya vinamasi, hivyo kabla ya kujenga chochote walichimba mifereji na kuinua matuta ya makumi ya kilomita, yenye malango yanayojifungua yenyewe maji yanapopanda bila kuhitaji mtu wala umeme. Hata njia za wafanyakazi zilizo chini ya Magic Kingdom hazikuchimbwa ardhini, kwa kuwa maji yako karibu mno. Zilijengwa juu ya ardhi, zikafunikwa kwa udongo uliotolewa kwenye ziwa la kuchimbwa lililo mbele yake. Mgeni anayetembea kwenye mitaa ya bustani ile yuko kama ghorofa ya kwanza bila kujua.

Kwingineko Florida, mamlaka za maji hushusha maji ya mifereji siku chache kabla ya kimbunga ili kuwe na nafasi ya kupokea mvua.

Wanyama nao

Twiga hawezi kusafirishwa haraka kwenda mji mwingine, na safari yenyewe inaweza kumuua. Kwa hiyo wanyama wa Animal Kingdom hukaa pale pale. Huingizwa kwenye mabanda imara ambamo hulala kila siku, na wamezoeshwa kurudi humo wanapoitwa. Mazoea hayo ya kila jioni ndiyo huokoa muda siku ya hatari. Chakula, maji na dawa hupangwa karibu, na watunzaji wao hubaki nao.

Mfugaji yeyote ataelewa hili. Mbuzi aliyezoea kurudi zizini jioni hahitaji kukimbizwa siku ya mvua kubwa.

Wageni huambiwa nini?

Kwanza, wanaotaka kuondoka waondoke mapema, kabla barabara hazijajaa na ndege hazijasimama. Disney huruhusu wageni kuahirisha au kufuta safari bila kutozwa faini yake ya kufuta, iwapo tahadhari ya kimbunga imetolewa kwa eneo la Orlando au kwa mahali anapoishi mgeni ndani ya siku saba kabla ya kuwasili. Kanuni hiyo inasaidia usalama pia, kwa sababu mtu anayeogopa kupoteza fedha zake husafiri hata anapojua kuna hatari.

Pili, wanaobaki hupewa maelekezo ya wazi:

1. Ingiza ndani kila kitu kilicho kwenye baraza ya chumba.
2. Nunua chakula cha siku moja au mbili kisichohitaji kupikwa. Hoteli huuza chakula kilichofungashwa kwa sababu majiko yanaweza kufungwa.
3. Chaji simu na pawabenki mapema. Weka tochi karibu na usitumie mishumaa.
4. Weka dawa, pasipoti na fedha taslimu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Umeme ukikatika, mashine za benki na malipo ya kadi havifanyi kazi.
5. Jaza chombo kikubwa maji ya kusafishia choo.
6. Upepo ukianza, kaa ndani ya chumba, mbali na madirisha, hadi utakapotangaziwa rasmi kwamba ni salama kutoka.

Majengo ya Florida ni imara kuliko zamani. Baada ya Kimbunga Andrew kusambaza nyumba kusini mwa Miami Agosti 1992, jimbo hilo lilibadilisha kanuni zake za ujenzi, hasa namna paa linavyofungwa kwenye kuta na nguvu ya madirisha. Hoteli ya zege yenye madirisha imara ni mahali pazuri pa kungojea kimbunga kipite, mradi maji hayafiki.

Jambo gumu kuliko yote kwa wazazi ni saa za kungoja. Watoto wamefungiwa chumbani, umeme unacheza, upepo unalia. Hoteli za Disney hujaribu kupunguza hofu kwa michezo ya ukumbini kabla ya upepo kuwa mkali, na wahusika wa katuni huja kusalimia watoto pale pale hotelini. Linaweza kuonekana jambo dogo, lakini familia iliyotulia hufuata maelekezo, na iliyojaa hofu hutoka kwenda kutafuta njia usiku.

Nani hubaki kazini?

Watalii wanapojifungia vyumbani, lazima kuwe na mtu wa kuwapikia, kuwasha jenereta, kuangalia mabomba, kutibu wagonjwa na kulisha wanyama. Kwa hiyo huundwa kikosi cha wafanyakazi wanaolala kazini kuanzia kabla ya kimbunga hadi kipite. Huja na nguo zao, dawa zao na matandiko, na hulala kwenye vyumba au ofisi.

Hapa ndipo mtu hupimwa. Wengi wa wafanyakazi hao wanaishi Kissimmee na vitongoji vya Orlando, ambako nyumba zao nazo ziko njiani mwa kimbunga. Anayemlinda mtoto wa mgeni amemwacha wa kwake nyumbani. Ndiyo maana maandalizi mazuri ya mahali pa kazi huanza nyumbani kwa mfanyakazi: apewe muda wa kufunga madirisha yake, kuipeleka familia mahali salama na kununua maji kabla ya kuitwa. Mtu ambaye hajui watoto wake wako wapi hawezi kufanya kazi kwa utulivu usiku kucha.

Kufunga bure ni hasara?

Siku moja ya kufunga Disney World ni fedha nyingi. Kwa miaka mingi ilikuwa fahari ya mahali hapo kutofunga. Septemba 1999, Kimbunga Floyd kilipokuja kikiwa kikubwa sana, bustani zilifungwa kwa mara ya kwanza kwa sababu ya kimbunga. Floyd kikageuka kuelekea kaskazini, hakikuingia Florida. Mwaka 2019 Kimbunga Dorian nacho, baada ya kuangamiza visiwa vya kaskazini mwa Bahamas, kilipita baharini bila kuingia Florida ya kati.

Je, walioamua kufunga walikosea? Tunaona hawakukosea. Uamuzi hufanywa kwa habari zilizopo saa 36 kabla, na saa hizo mara nyingi jua linawaka na hakuna wingu. Anayesubiri kuliona wingu kwa macho hana tena muda wa kuhamisha watu 1,000, sembuse makumi ya maelfu. Kimbunga kikigeuka, hasara ni ya fedha na usumbufu. Kisipogeuka na watu wako njiani, hasara ni ya roho.

Ipo hatari moja katika hili: watu waliohama bure mara mbili huchoka, na mara ya tatu husema hawatoki. Dawa yake ni kuwaeleza tangu mwanzo kwamba utabiri ni kadirio, na kwamba kimbunga kinaweza kukata kona.

Baada ya upepo kutulia

Vifo vingi hutokea kimbunga kikishapita. Watu hukanyaga nyaya za umeme zilizolala majini, huanguka kutoka kwenye mapaa wanayotengeneza, huendesha magari kuingia kwenye maji yanayotembea, au huwasha jenereta ndani ya nyumba. Moshi wa jenereta una gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu akiwa usingizini. Jenereta hukaa nje, mbali na madirisha na milango.

Joto nalo huua. Baada ya Kimbunga Irma mwaka 2017, mashine za kupoza hewa zilizimika katika nyumba moja ya kutunzia wazee kusini mwa Florida, na vifo 12 vilihusishwa na tukio hilo.

Katika Disney World, kikosi kilicholala kazini hutoka kwanza kulipopambazuka. Hukata miti iliyoanguka, hukagua nyaya na mabomba, na kila chombo cha kupanda watu hujaribiwa kitupu kabla ya kupokea wageni. Wakati wa Irma, bustani zilifungwa Septemba 10 na 11, zikafunguliwa Septemba 12.

Na kwetu je?

Vimbunga vikali hufika Tanzania na Kenya kwa nadra, kwa sababu karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayozungusha hewa ni ndogo mno. Lakini nadra si kamwe. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Zanzibar na kuangamiza majahazi na mashamba ya karafuu. Aprili 1952 kingine kilipiga Lindi. Machi 2019 Kimbunga Idai kiliingia karibu na Beira, Msumbiji, na watu zaidi ya 1,000 wakafa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Mwezi uliofuata Kenneth kikapiga Komoro na Cabo Delgado, jirani kabisa na Mtwara. Aprili 2021 Jobo kilielekea Tanzania, kikapoteza nguvu kabla ya kufika. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika karibu na Kisiwa cha Mafia. Usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ulisimamishwa, na mvua kubwa za siku hizo zilikata barabara ya kwenda Lindi na Mtwara eneo la Somanga.

Hatuna hoteli za Disney, na nyumba zetu nyingi hazikujengwa kwa kanuni za Florida. Hata hivyo, mambo yanayookoa watu kule mengi hayahitaji fedha nyingi:

Jua maana ya maneno ya utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Njano ni ya kujiandaa, usingoje nyekundu.

Jua mahali pa kwenda kabla ya siku yenyewe. Panapofaa ni penye mwinuko, jengo imara, mbali na mto na ufuo. Kubalianeni nyumbani nani atambeba bibi, nani atafungua mifugo, nani atachukua vyeti.

Weka akiba ya maji. Kipimo kinachotumika Marekani ni takriban lita nne kwa kila mtu kwa siku, kwa siku tatu au zaidi. Ndoo na madumu safi yenye vifuniko yanatosha.

Vuta mtumbwi juu na uufunge. Mvuvi aliye baharini hawezi kushindana na upepo wa kilomita 63 kwa saa.

Tunza chaji ya simu. Zima data, punguza mwanga, na tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga, kwani ujumbe hupita hata mtandao ukiwa dhaifu. Andika namba muhimu kwenye karatasi.

Weka redio ya betri. Hatusemi hili kwa kujipigia debe. Baada ya Kimbunga Helene, wakazi wa milima ya North Carolina, Marekani, walikaa siku kadhaa bila mtandao wa simu wala intaneti, na wengi wakategemea redio kujua wapi kuna maji na barabara ipi inapitika. Simu ni chombo kizuri, lakini hutegemea mnara, na mnara hutegemea umeme.

Mwisho, tahadhari ikitolewa na kimbunga kisifike, tusiwacheke watabiri wala jirani aliyehamisha watoto wake. Tumshukuru Mungu, turudishe mtumbwi majini, na tuyaache madumu yakiwa yamejaa.